Kitambaa Chekundu cha Mlangoni

S.L.P. 18,
Nyumba ya Redio.
14 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mguu umepata nafuu? Sisi tu wazima, isipokuwa Baba Mdogo, naye ndiye sababu ya barua hii. Tafadhali keti kwanza.

Unakumbuka mlivyoianzisha redio, wewe na yeye, katika stoo yako, trei za mayai zimebandikwa ukutani? Taa ya mlangoni ilipoungua, ulikata pindo la gauni lako jekundu ukalitundika: likiwapo, kipaza sauti kiko wazi, mtu asikohoe. Miaka kumi na tisa sasa, taa haijanunuliwa. Tangu nimalize shule, kazi yangu ni kulitundika na kulitoa. Kusema mbele za watu siwezi, wanijua.

Jumatatu Baba Mdogo alitangaza kwamba mchinjaji anauza nyama ya ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa. Jumanne asubuhi, akisoma matangazo ya vifo, wana wawili wa mchinjaji wakaingia na nyundo. Kitambaa walikipita tu. Walidhani ni tambara.

"Haya, mzee, soma na chako!" mkubwa akasema.

Nyundo zilianza na yeye; mashine hawakuzifikia. Wakamvunja mkono, wakamng'oa meno. Nilijibana nyuma ya kabati, nikausikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Mji mzima uliusikia.

Watu wakaja mbio na michi na majembe, wengine redio zingali mikononi. Yule mwana mdogo akatoroka. Mkubwa wakamburuta nje, fundi baiskeli akamchapa mnyororo usoni hadi sikio likaning'inia. Mama muuza mkaa akapiga kelele, "Mmalizeni!"

Baba Mdogo, damu imemjaa mdomoni, akanionyesha kipaza sauti kwa kidole. Mimi, Shangazi, niliyekuwa nikitetemeka kuitikia jina darasani! Nikasema, "Jamani, mwacheni. Ni mimi, Kimya. Baba Mdogo yu hai. Mwacheni." Sauti yangu ikatoka kwenye redio zao zote pale barabarani. Mchi uliokuwa juu ukashuka taratibu.

Baba Mdogo yuko hospitali, anakunywa maziwa kwa mrija. Matangazo ya asubuhi nayasoma mimi.

Kwa kitambaa chako nilimfunga sikio yule kijana wa mchinjaji, nacho hakijarudi. Watu sasa wanaingia wakikohoa. Nitumie pindo jingine.

Wasalimie binamu zangu wote na mama mkwe wako. Mungu akuponye mguu, akuzidishie siku.

Ni mimi nikupendaye,
Kimya wenu