Nzi wa Kaka Omari

Mjukuu wangu Salimu,

Marahaba, shikamoo yako nimeisoma. Huku Mabawa hatujambo. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini kila nikikuandikia naulizia macho, na wewe ulichopandikizwa ni figo.

Nilipokuwa msichana, miaka ile mitumba na sabuni za nje zilipoanza kujaa sokoni, kaka yangu Omari aliugua, kinga ya mwili ikamwisha. Siku moja akaniambia, "Mwanaidi, nifukuzie nzi hawa kwenye chakula." Nikaufunika ubwabwa kwa kawa. Kesho yake akalalamika tena. Nikasugua sakafu, nikachoma takataka, kisha nikanuna, maana niliona ananiita mchafu. Nzi mwenyewe sikumwona hata mmoja, wala sikujiuliza kwa nini.

Wiki ya tatu nilimwekea sahani mbele yake, jua la saa sita, akapapasa mkeka kuitafuta. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa ndani ya macho, na wale nzi ndio waliokuwa dalili ya kwanza.

Sasa wewe unakunywa dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae figo, na mwisho wa barua yako umeandika, kama mzaha, kwamba bwenini kwenu mbu wanakuzonga hata mchana. Muulize mwenzako wa chumbani kama na yeye anawaona. Akisema hawaoni, usikae kunijibu barua hii. Nenda hospitali leo.

Bibi yako,
Mwanaidi