Uzito wa Mama Mwalimu

Jumatatu, 30 Juni 1958

Nimempa Poli, farasi wa misheni, maji na shayiri, nimempiga brashi, nimemtandika. Nikapanda mbele ya kanisa watu wakiona, nikainua kofia. Baada ya kona ya mikaratusi nikashuka, nikamwongoza kwa miguu. Karibu na kambi ya wafanyakazi nikapanda tena. Nimefundisha nimesimama. Kurudi, hivyo hivyo. Farasi mzima ana tandiko zuri, na mimi natembea kando yake kama niliyemwiba.

Damu tena leo. Neno lenyewe nitaliandika mara moja tu. Bawasiri. Hospitali ya misheni ipo, lakini sista wa pale ni binti niliyemfundisha katekisimu. Nivue suruali mbele yake? Hapana.

Bwana wa misheni ameshasema mwinjilisti asiyeweza kuzunguka makambi atawekwa stoo, na Poli atapewa yule mwinjilisti kijana wa Keringet. Bandani kuna gari la magurudumu mawili, halijatumika siku nyingi. Nikiketi garini taratibu, hakuna atakayejua. Ila Poli hajavuta kitu maisha yake yote, na mimi sijaendesha hata mkokoteni. Tunahitaji mwalimu sote wawili.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeuliza masaisi, watunza farasi wa mashamba yote ya huku Elmenteita. Kupanda wanajua, kufunga gari hawajui. Mwenye punda wa maji alicheka waziwazi. "Mwalimu, hiyo farasi ukifunga gari, itavunja gari kwanza, halafu wewe." Akaniuliza kwa nini nataka kuharibu farasi mzuri wa kupanda.

Mdomo ukanitangulia. Nikasema ni kwa ajili ya mke wangu. Leah amekuwa mzito, magoti yamemchoka, itabidi nimbebe kwa gari.

Leah ana mwili, ni kweli. Lakini anaenda Gilgil kwa miguu na kurudi na mzigo, na akifika anapika. Niliona haya papo hapo. Sikujisahihisha.

Jumanne, 8 Julai

Nakuru kwa treni. Nimesimama njia nzima, nikasema napenda kutazama nje.

Nimempata mtu. Mzee Ramadhani, Mnubi wa Ravine, anayeshona ngozi pale Bondeni. Wakati wa vita aliendesha magari ya nyumbu jeshini. Sauti yake bado ya jeshini. Mwinjilisti kumleta Mwislamu afundishe farasi wa misheni, hilo nalo litasemwa. Lisemwe.

Tatizo lilikuwa hotelini, tulipokunywa chai. Akauliza gari ni la nini. Nikarudia ule uongo. Nilidhani umekwisha hapo. Kumbe ufundi wake unataka kujua zaidi. "Mama ni mzito namna gani? Lazima nijue, Mwalimu. Farasi nafundisha na mzigo yake."

Nikatanua mikono. Hoteli nzima ikacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote.

Alhamisi, 10 Julai

Tumeanza. Ramadhani anatembea nyuma ya Poli na hatamu ndefu, anamsemesha. Poli haelewi. Miaka yote ameongozwa kwa miguu ya mtu mbavuni, sasa mbavu ziko tupu na amri inatoka nyuma. Amevishwa ngozi za kuziba macho pembeni. Anasimama, anageuza shingo, ananitafuta. Nilimhurumia. Ramadhani anasema ndivyo farasi wote wa kupanda walivyo, wanauliza mtu wao ameenda wapi.

Leah amempikia mgeni vizuri. Hajaniuliza gari ni la nini. Nami sijasema.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nataka kujificha chini ya kitanda.

Ramadhani ametengeneza sleji ya magogo, ya kuburutwa chini bila magurudumu, ili Poli azoee kuvuta. Akapanga mawe juu yake, mawe meupe ya upande wa Kariandusi. Watu wakaja kutazama. Kila akiongeza jiwe anatangaza, "Bado! Mama Mwalimu hajatimia!" Wanakwaya wangu wakashika mbavu. Jiwe lingine. "Sasa tumefika kiunoni!"

Leah alikuwa amesimama nyuma yao na birika la chai. Sijui alifika saa ngapi. Aliyatazama mawe yote mpaka la mwisho. Akamimina chai, akampa Ramadhani kwa mikono miwili, akampa kila mtu. Mimi akanipa wa mwisho. Akarudi jikoni.

Ningeweza kusema pale pale. Sentensi moja tu. Nikanywa chai.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada mama mmoja alimuuliza Leah mlangoni kama magurudumu ya gari yatamtosha au yaongezwe mengine. Wote wakacheka. Leah akasema, "Tutaona." Akafunga kitambaa chake vizuri, akaondoka peke yake.

Nilikuwa nimetoka kuhubiri juu ya ukweli. Sikuchagua mimi, ndiyo somo lililopangwa. Lakini mdomo ni wangu.

Jumatano, 23 Julai

Poli amekubali gari. Alitetemeka miti miwili ya gari ilipomgusa mbavuni, akapiga teke moja, kisha akatembea. Ramadhani alinipa hatamu. Nilipaswa kufurahi.

Bwana wa misheni amesikia. Anakuja Jumamosi kujionea mwenyewe. Mbio zangu zote za kuficha zinafika hapo. Akijua mimi ni mgonjwa, Poli anaenda.

Leah anashona kitu usiku. Nikiingia anakifunika. Chakula ananipa, maneno hanipi.

Jumamosi, 26 Julai

Walijaa kana kwamba kuna harusi. Bwana akazunguka gari, akampapasa Poli, kisha akanigeukia mbele ya wote. "Mwalimu, mimi nataka jua. Farasi hii ni ya kupanda. Kwa nini wewe hapana panda sasa?"

Uongo wangu wote niliousema hotelini na njiani ulikataa kutoka, kwa sababu Leah alikuwa pale.

Akasema yeye. "Ni mimi, Bwana. Magoti yangu." Akapita katikati ya watu akiwa amebeba mto mpya, mnene, wa sufi. Watu wakaanza kucheka. Akauweka mto kwenye kiti. Upande wangu. Yeye akakalia ubao mtupu.

Poli akavuta bila taabu. Ramadhani akapiga kelele, "Lakini huyu mwepesi! Mawe yalikuwa mengi!"

Nilishika hatamu, sikuona barabara. Anajua. Bila shaka anajua, ni yeye anayefua nguo zangu. Amejua tangu mwanzo, akayahesabu yale mawe huku akijua.

Bwana ameridhika. Poli anabaki kwangu. Sijawahi kuona aibu ya namna hii.

Jumapili, 27 Julai

Sikuhubiri. Nilisimama mbele nikasema nina neno. Nikawaambia Mama Mwalimu hana ugonjwa wowote wa magoti. Mgonjwa ni mimi. Nimeshindwa kukaa juu ya farasi, nikaogopa kupokonywa, nikamtwika mke wangu. Nikaeleza ugonjwa ni gani na uko wapi. Bwana alikuwa kiti cha mbele. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Nje, Bwana alisema makambi atayazunguka kijana wa Keringet mpaka nipone, na nikipona tutazungumza. Poli atamfuata mwisho wa juma. Nilitegemea hivyo. Imeniuma hata hivyo.

Tulipofika nyumbani Leah alifungua hatamu akasema, "Hukuwa na haja ya kutaja mahali penyewe."

Sijui kama alikuwa anacheka. Sikuthubutu kumtazama.

Jumanne, 29 Julai

Hospitali. Leah aliendesha. Nilimwonyesha mara moja tu jinsi ya kushika hatamu, akasema ameona, alikuwa anatazama kutoka jikoni. Mimi nililala kifudifudi nyuma, juu ya mto, kichwa kikining'inia upande wa barabara.

Wanawake walikuwa wanatoka sokoni. Walisimama wakamsalimia Leah, mmoja mmoja, kwa heshima, na yeye akawajibu wote bila haraka. Kila mara alisimamisha gari. Waliuliza habari za nyumbani. Aliwajibu ni nzuri. Wakaniona na mimi, wakanisalimia pia. Nikaitikia nikiwa nimelala.