Kisu Nilichokiingiza Kibanjani

Kaka yangu Deo,

Simu yako haipatikani, na wavuvi ninaowatuma wananiletea majibu ya kila aina. Mmoja alikuona ukianika dagaa, mwingine anasema umeshahamia kisiwa kingine. Kwa hiyo naiandika barua hii wazi, aisome yeyote, mradi mmoja wao akufikishie. Yaliyomo yananiaibisha mimi, si wewe.

Nimepata ule ufadhili. Ada, nauli, chumba, chakula, hata koti la baridi, vyote vinalipwa mpaka nimalize shahada ya uzamili. Barua pepe iliingia nikiwa chumbani kwangu Kitendaguro, nikaisoma nimesimama, na mtu wa kwanza niliyempigia ni wewe. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia nijaribu tena baadaye.

Unakumbuka siku tulipoandika yale maombi? Nasema tuliandika, maana ulikaa pembeni yangu ukichambua kahawa na kila aya ulitaka uisikie. "Soma tena hapo," ulisema, "nimesikia jina la kijiji chetu." Kiingereza chenyewe ulikiachia kidato cha pili, Tata, baba yetu, alipofariki, ili ada iliyobaki inisomeshe mimi. Hukuwahi kunitupia jambo hilo usoni. Ulinitania tu. Uliniita Daktari wa Migomba kabla sijamaliza hata shahada ya kwanza, ukanitangaza soko zima mpaka nikaona haya kupita.

Habari za unyanjano nilikufundisha mimi. Nilikwambia ugonjwa huo hutembea na chuma. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa kisu hichohicho, umeshauambukiza, kwa hiyo kisu lazima kipite motoni kila mara. Ulinishika neno. Majirani walikucheka ukizunguka kibanjani, kwenye migomba yetu, na panga mkono mmoja, kijinga cha moto mkono mwingine. "Nyie chekeni," uliwajibu, "mdogo wangu kasomea."

Sasa ile Jumamosi. Siku moja kabla nilishinda Kashozi nikikata migomba iliyougua, nikikusanya sampuli za andiko langu la maombi. Kesho yake nikaja nyumbani Muleba na kisu kilekile ndani ya mkoba. Nilitaka picha ya shina zima lililokatwa, niiweke kando ya picha ya shina bovu. Ukaniuliza, "Umekichoma?" Nikakujibu, "Nilikichoma jana." Sikuwa nimekichoma, Deo. Nilikuwa na haraka, jua lilikuwa linakaa vizuri, na niliudhika kidogo kuulizwa na wewe jambo nililokufundisha mwenyewe. Nikaukata ule mgomba wa nshakara wa nyuma ya jiko, nikapiga picha yangu.

Mgomba ule ndio ulioanza kunyauka. Ukafuata wa jirani yake, kisha mstari mzima, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Uliing'oa migomba mpaka viganja vikapasuka. Mvua zilipokwisha, kwenye kibanja alichotuachia Tata palikuwa pamebaki mibuni iliyobabuliwa na jua, na kaburi lake, lililokuwa limefichika katikati ya migomba miaka yote, likawa linaonekana kutoka barabarani. Watu wakipita walisimama wakaangalia.

Ndipo ukoo ukakaa. Ta Paulini, baba yetu mkubwa, alitaka ajulikane aliyeua kibanja. Akanigeukia: "Waitu, Koku, wewe uliyesoma, ugonjwa huu unaingiaje?" Nikasema unaingia kwa visu, mara nyingi vya wanunuzi wanaokata mikungu wenyewe. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila mtu pale alijua kwamba aliyekuwa akiwaruhusu wanunuzi waingie ni wewe. Ulinitazama. Nilikuwa na usaili wa ufadhili wiki ileile, nikajiambia nitasema baada ya usaili. Wakakuvua urithi, kibanja kikawekwa mikononi mwa Ta Paulini, na siku ya tatu ukaondoka bila kuniaga.

Baada ya usaili sikusema. Nilijifariji kwamba hukujua, kwamba ulinitazama kama mtu anavyomtazama yeyote aliye mbele yake.

Nilipompelekea Mama habari ya ufadhili hakupiga vigelegele. Aliniambia ulichomwambia siku unaondoka: "Mama, Koku asiulizwe habari za kisu mpaka apate majibu yake." Nililia mpaka nikakaukiwa. Mama hakunibembeleza, na sikumlaumu.

Jumapili iliyopita waliniandalia sherehe ya kuniaga. Ndizi za karamu zilinunuliwa sokoni, sisi tuliozoea kuzikata kibanjani. Niliposimama kushukuru, nikasema yote: Kashozi, kisu, jibu nililokupa, jibu nililoupa ukoo. Nilidhani watanitukana. Ta Paulini akainuka akasema, "Mtoto ana uchungu wa safari, tumwombee." Wakasali, wakaendelea kunywa rubisi. Baadaye nikamfuata, nikamwambia urudishiwe kilicho chako. "Mwana wange," akasema kwa upole kabisa, "aliyekimbia anarudishiwa nini? Wewe nenda, utuletee jina." Nilimsihi, akaanza kuniuliza kama huko niendako kuna theluji.

Ndivyo nilivyojua kwamba nimechelewa. Ungekuwa hapa, ukweli ungekuwa na pa kushikia. Sasa kibanja kina mwenyewe mpya, mimi nina safari, kila mtu ana chake, na hakuna anayetaka kufungua tena jambo ambalo limeshamkalia vizuri. Nina hasira nao, kisha nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewafundisha la kusema.

Nakala ya barua hii nimemwachia Mama, nimeitia sahihi na dole gumba. Ukirudi, ichukue uipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji mbele ya mashahidi, usiipeleke kwa Ta Paulini.

Naondoka Alhamisi. Kuna siku nilijidanganya kwamba nitaiacha nafasi hii, nipande mtumbwi nikutafute kisiwa baada ya kisiwa. Lakini nilishasaini fomu ya kuukubali ufadhili. Nilisaini dakika ileile majibu yalipokuja, kabla sijaongea na Mama, na nilipojua ulichonifanyia sikufuta. Nilikaa na ile fomu siku nne nikijua, na sikufuta. Hilo nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Msamaha sikuombi, Deo. Nakujua, utanipa.

Mdogo wako,
Koku