Wimbo wa Betri Zilizochoka

Janga, 14 Agosti 1977

Kwako Sikuzani,

Barua yako nimeipata. Sisi tupo. Nguruwe wamemaliza mihogo ya bondeni, na mama anakusalimu, maana sijamwambia kitu.

Unasema ile santuri ya vijana wa Zambia, ambao hapa hakuna anayewajua ila sisi wawili, yenye gitaa linalovuma kama nyuki, umeisikiliza kwenye gramafoni ya umeme hapo Kisarawe. Kumbe wimbo wa upande wa pili una kasi, ni wa kuchezwa, na mwimbaji ni kijana anayecheka! Umecheka mpaka ukalia, eti tulikuwa washamba: betri zilizochoka za gramafoni yetu, za kuanika juani, ndizo zilizouburuza ukawa kama wa msibani.

Sawa, umeme haudanganyi. Lakini mwaka mzima tuliubishania. Mimi nikisema ni mzee anamlilia marehemu mkewe; wewe ukisema hapana, anamwita arudi nyumbani, na ukanishika mkono. Na mkono huo nao ulikuwa kazi ya betri?

Habari ya posa ya Adamu umeiandika mwisho kabisa, pembeni, kama mtu aliyesahau kuagiza chumvi. Gramafoni ni yake, nimeelewa. Wapigieni wageni wenu wacheze.

Santuri siidai, nilikupa mwenyewe ulipokwenda kwa shangazi yako. Ila ujue, kwa umeme wa Adamu wimbo wetu hautoki. Na mimi huku nimebaki na betri tu.

Kondo