Mzee Gogo Amerudi, Wifi

Wifi yangu Atu,

Mzee Gogo amerudi. Nimeanza na hilo maana ungekuwa hai usingenipa hata nafasi ya kukusalimia. Ungepiga simu kutoka Iyunga, ukasema "Kamwene!" kwa Kihehe chako kibovu, halafu hapohapo: "Umeona? Umeona?"

Nimeona, wifi. Wenye mchezo wetu wa kwenye simu wamewafungulia mazimwi wote wa zamani waliokuwa wameondolewa mashindanoni. Bibi Ukungu yumo. Kinyonga Moto yumo. Na Gogo wako yumo, na mwili wake wa kisiki na vile vimiguu vifupi. Nilikuwa jikoni hapa Kihesa nachambua mboga. Nikaita jina lako kwa sauti. Kisha nikakaa kwenye kigoda, nikabaki natazama simu mpaka maji niliyobandika yakakauka.

Watu hawakuwahi kutuelewa. Wanawake wawili wazima, mmoja mke wa mtu, mwingine fundi cherehani anayesubiriwa na sare za kwaya, kutwa wanabishana juu ya mazimwi wa kwenye simu. Kaka yako alikuwa akisema, "Mngeoana nyie wawili, mimi niwe mshenga." Hata majina tuliwapa sisi, yale ya kigeni yalitushinda.

Ila wewe kupigana hakukukolea kama kuhukumu. Kila zimwi akiondolewa, uliniuliza, "Haya wifi, huyu akirudi leo atafika wapi?" Nikianza kumwonea huruma, ulinikata: "Sikuulizi kama unampenda. Nakuuliza atampiga nani, na nani atampiga." Unakumbuka ulivyonipigia ukiwa sokoni Chimala, umefuata mchele, makelele ya watu nyuma yako? "Bibi Ukungu hafiki robo fainali, nimefikiria njia nzima." Ukakata simu. Hukusema kwa nini. Wiki nzima nilizunguka nalo kichwani, na ulipokuja kunieleza nikakuta uko sahihi, na ukacheka vibaya sana.

Halafu baridi ikaingia, kile kifua chako cha kila mwaka kikakubana, na safari hii hakikukuachia.

Msibani walisema ulikuwa mpole. Walisema hujawahi kugombana na mtu. Wewe, uliyenuniana na kwaya nzima kwa sababu ya kola ya sare! Nilimtazama mama yako, naye akanitazama, tukainamisha vichwa. Nilifikiri ni maneno ya msibani tu, yatapita.

Hayakupita. Juzi kwenye kundi letu la wachezaji, yule kijana uliyembatiza Refa aliuliza kama ulivyokuwa ukiuliza wewe: Mzee Gogo amerudi, atafika wapi? Wote wakajibu kwamba ni bingwa. "Bingwa kwa heshima ya dada Atu." "Gogo hashindwi, dada Atu anamsimamia juu." Mioyo, mishumaa, mikono ya sala. Hakuna hata mmoja aliyehukumu, wifi. Hata mmoja.

Nikapandwa na hasira, nikaandika: "Gogo anatoka raundi ya kwanza. Ngao yake inazuia mapigo, haizuii sumu. Anajitibu taratibu mno, na mazimwi wa siku hizi wanammaliza kabla dawa haijafanya kazi. Atu angekuwepo angewaambia hayohayo, na angewacheka."

Mmoja akaandika, "Dada, udongo haujakauka bado." Wengine wakamuunga mkono. Refa akaomba tumheshimu marehemu. Niliweka simu kabatini nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kaka yako alinikuta nazianika. Tangu tukuzike hakuwa ametaja jina lako, hata nikilitaja mimi anatoka nje. Sasa akauliza kuna nini. Nikatoa simu kabatini, nikampa asome mwenyewe. Nilijua atanigombeza. Alisoma taratibu, akafika kwenye maneno yangu, akacheka. Akacheka tena. Halafu kile kicheko kikageuka, akakaa kitandani na kulia, wifi, kilio ambacho pale msibani Iyunga hakikutoka.

"Huyo ndiye Atu," akasema. "Kule msibani walikuwa wanamzika mtu mwingine."

Jumamosi mchana nikamwingiza Gogo mashindanoni. Kaka yako akaja kukaa karibu yangu, hajui hata kitufe kipi ni cha ngao. Raundi ya kwanza tulikutana na zimwi wa mapigo matupu. Akapiga, akapiga, Gogo kasimama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite, anajitibu kidogo, anajitibu kidogo. Akashinda! Niliruka. Raundi ya pili akaja mwenye sumu, na Gogo hakuchukua muda kuanguka.

Kwa hiyo nilikosea kwa raundi moja. Nimeandika hivyo kwenye kundi, maana wewe ungenilazimisha. Hakuna aliyenijibu. Wewe ungenisimanga mpaka Krismasi.

Kaka yako anajitahidi. Jana wakati wa chai aliniuliza, "Haya, na Kinyonga Moto naye atafika wapi?" Moyo ukanipasuka kidogo kwa furaha. Nikamwambia nusu fainali. Akasema, "Sawa." Nikasema hapana, labda robo. Akasema, "Sawa, robo." Nikamwambia hata ubingwa anaweza kuchukua, nikimtega. Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai.

Ni mume mwema, nakwambia. Lakini ananikubalia kila kitu, wifi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukubaliwa kila kitu na akabaki peke yake hivi, chai inapoa mbele yake.

Pumzika, Atu. Pasaka tutakuja Iyunga kujengea kaburi, mama yako ameshaongea na fundi. Watakuwepo wa kwaya, watakuwepo majirani, na najua wataanza tena na yale ya upole. Nakuahidi sitanyamaza. Nitawaambia ulikuwa mbishi, ulikuwa na mdomo, ulikuwa hujui kushindwa wala kushinda kimya kimya, na kwamba tangu uondoke hakuna mtu aliyewahi kuniambia, "Wifi, hapo umekosea."

Mimi,
wifi yako wa Kihesa