Mstari Nilioongeza Kwenye Hotuba ya Jangwani

Mama,

Shikamoo. Simu yako ninayo mimi, na watu hawajaacha kupiga. Leo asubuhi, nikiwa napanda ngazi za hapa kwetu Mchafukoge, mzee mmoja alipiga anataka barua ya kumwombea mjukuu wake nafasi ya chuo. Nikamwambia Mheshimiwa alishafariki, wiki iliyopita tumesoma arobaini yake. Akasema anajua, alikuwepo, na pilau alikula. Barua je? Nikakaa kwenye ngazi nikacheka, halafu nikalia, halafu nikapanda juu kuiandika.

Situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka sina pa kwenda. Baada ya khitma wazee wa chama walibaki sebuleni, hao hao waliokunyima kura za maoni safari iliyopita, wakasema jina lako bado linapendwa na nichukue fomu ya ubunge. Mzee Mkumba, mwenyekiti wa tawi, yule uliyekuwa ukisema hata akiomba chumvi anahutubia, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mtoto wa nyoka ni nyoka." Nadhani alikuwa ananisifu.

Fomu bado sijaichukua. Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai, na nisipolisema sitaweza kuweka sahihi yangu popote.

Ni ile hotuba ya Jangwani. Unajua hotuba zako nilikuwa nazichapa kwa herufi kubwa, maana miwani jukwaani ulikataa katakata. "Wakiniona na miwani watasema bibi amechoka, wamtafute mwingine." Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na mistari michache tu, na wewe uliisoma kama ilivyo, kwa sababu uliniamini. Siku ile sehemu ya mtaro wa kuzuia mafuriko ilikuwa na "tunafuatilia" mara tatu. Niliona aibu. Mhandisi niliyempigia aliniambia inategemea, basi, inategemea. Nikaifuta "tunafuatilia" ya mwisho, nikaandika: mtaro utakamilika kabla ya masika yajayo.

Uliisoma. Ukanitazama nilipokuwa nimesimama kando ya spika. Wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele. Ukairudia kwa sauti kubwa zaidi.

Garini ukaniuliza, "Nani kasema?" Nikajibu, "Ofisini, Mama." Nilisema bila kumeza mate. Ukaitikia kwa kichwa, ukaomba maji.

Sasa nakwambia. Hakuna aliyesema. Niliitunga mimi, hapa mezani, chai ikiwa pembeni, kwa sababu nilitaka wakupigie makofi.

Masika yalikuja, mtaro haukuja. Watu wa Jangwani wakaleta magodoro yaliyolowa wakayapanga mbele ya ofisi yako, barabara nzima ikanuka tope. Bi. Somoe, ambaye cherehani yake ilisombwa, alikuzomea mbele ya wapiga picha. Nilikuwa nyuma yako, hatua mbili tu. Nilisubiri useme, "Nimeandikiwa." Wabunge wangapi husema hivyo? Wewe ukasema, "Nimekosea, niliahidi nisichokuwa nacho," ukavua viatu ukaanza kubeba magodoro kuyapeleka juani. Uliyabeba mpaka adhuhuri. Wajumbe walipopiga kura za maoni ukashika nafasi ya tatu, wewe uliyeanza na kibanda cha sufuria Kariakoo, ukawa diwani, ukawa mbunge vipindi viwili, ukaangushwa na mstari wangu mmoja.

Ukarudi kwenye sufuria zako. Ulikuwa ukizipanga na kuzipangua, huku wapita njia wakikuita Mheshimiwa kwa kukutania, na wewe unawauzia vilevile. Nilikuwa nakuletea chakula cha mchana. Kila siku nilijiambia leo nitasema. Kila siku kulikuwa na mteja.

Jumapili nilikwenda Jangwani. Sikumuaga Mzee Mkumba, angenifunga kamba nisiende. Kulikuwa na kikao cha mtaa, nikaomba dakika tano, nikawaambia ile ahadi haikuwa ya mama, ilikuwa ya kwangu, na yeye aliamini imetoka ofisini.  Nilidhani watanizomea, na nilitaka wanizomee.

Hawakuzomea. Bi. Somoe alisimama. Akasema, "Mama yako alikuja kwangu baada ya yale mafuriko. Alinisaidia kuzoa tope siku mbili. Hakukutaja." Kisha akauliza, "Haya, na huo mtaro ni lini?"

Nikasema sijui.

Walicheka kidogo, si kwa ubaya. Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Mwanamke mmoja akasema afadhali, akaendelea kuchambua mchicha wake. Kikao kikaendelea na ajenda ya takataka, na mimi nikakaa chini nikasikiliza mpaka mwisho.

Najiuliza sana, Mama. Ungeniuliza mara ya pili pale garini, ningesema kweli. Hapana, huo nao ni uongo. Nisingesema. Nisamehe kwa yote mawili, mstari na uongo wa garini.

Kesho nachukua fomu. Sijui kama nitapita. Mzee Mkumba akisikia nilichofanya Jangwani huenda akanigeuka, na akinigeuka na wajumbe wamekwenda. Nitachukua tu, maana watu bado wanapiga simu yako na nimechoka kuwaambia hupo.

Pumzika, Mama. Mungu akupe nafasi pana kuliko hivi vyumba vyetu viwili. Ahadi yangu kwako ni moja: mvua za masika zikianza, niwe mbunge nisiwe mbunge, nitakuwa Jangwani tangu asubuhi, naondoa magodoro kabla hayajalowa. Hilo naliahidi, kwa sababu mikono ni yangu.

Mwanao,
Zuhura