Sauti ya Wavinya

Kimbo, Ruiru
Tarehe 14 Juni

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini goti limepata nafuu na majirani hapo mtaani Landless wanakuchotea maji kama walivyoahidi. Sisi tuko wazima. Mume wangu Nzuki bado ni soja wa kulinda geti kule Membley, nami nashona yunifomu hapa nyumbani. Barua hii nampa jirani yetu Beth akuletee, maana kwa simu ningeshindwa kuyasema haya.

Ni habari za mjukuu wako. Unajua Wavinya alifikisha miaka mitatu mwezi wa tatu. Wiki tatu zilizopita nilimpeleka kliniki. Nesi alimwita jina mara nne, hakugeuka. Masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Ndipo nesi akaniuliza televisheni yetu huwaka saa ngapi kwa siku. Nilianza kusema ni kidogo tu, kisha nikaona aibu kumdanganya mtu anayetaka kunisaidia. Nikamwambia naiwasha nikikoroga uji, naizima tukienda kulala. Wavinya hukaa mbele yake kimya, hata chakula namlishia hapo hapo, nami napata kumaliza sketi zangu.

Hakunigombeza. Alisema huenda kuna sababu nyingine pia, akatuandikia tumwone mtaalamu wa usemi. Lakini aliongeza neno ambalo bado ninalo: "Televisheni inamwongelesha, mama Wavinya, lakini yeye akisema, haimjibu. Mjibu wewe."

Jioni hiyo Nzuki aliichomoa, akampelekea kaka yake Kyengo. Siku nne za kwanza mtoto alilia akipigapiga ukuta pale ilipokuwa. Mimi pia nililia, maana sikujua cha kumwambia mtoto wangu mwenyewe. Nikaanza kumwonyesha nguo ninazoshona: hii kola, huu mfuko. Siku ya tisa alitia mkono kwenye mfuko wa kaptula, akanitazama usoni, akasema, "Fuko." Nikamjibu, "Ndiyo, mfuko." Akacheka, akasema tena. Tukarudia na kurudia mpaka githeri ikaungua jikoni.

Sasa Mama, jambo lililonifanya nishike kalamu. Wakati wa Pasaka ulipiga simu ukaomba kumsalimia Wavinya. Ukasikia mtoto akisema, "Hujambo? Mimi sijambo." Ulilia kwa furaha, ukawaambia wenzako wa kanisani. Hakuwa Wavinya. Alikuwa mtoto wa kwenye televisheni. Niliisogeza simu karibu na spika, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukuambia bado hasemi. Nisamehe.

Leo mjukuu wako ana maneno sita, yake mwenyewe. Neno "Shosho", la kukuita wewe nyanya yake, bado halimo. Nakuomba uje Jumamosi, ukae naye, umwambie wewe ni nani. Huenda asikujibu siku hiyo. Nitakuwa hapo kando, lakini sitamsemea tena.

Msalimie kaka yangu Mugo na wote wa hapo ploti. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Ngendo